Mfadhili Yupo, Lakini Nani Alishapewa? Philadelphia na Subukia

Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, lifungwe rasmi Julai 2025, simu ninazopokea kutoka nyumbani zimebadilika. Zamani niliombwa mchango wa harusi, karo au bili ya hospitali. Siku hizi naombwa mfadhili. Kikundi kimoja cha akina mama wafugaji upande wa Kabazi, Subukia, huko Kenya, kinatafuta mtambo wa kupozea maziwa, kwa sababu maziwa ya jioni yasipopozwa huharibika kabla ya gari la asubuhi kufika. Wameshachanga sehemu ya pesa wao wenyewe. Ujumbe wa mwenyekiti wao ulikuwa mfupi: "Wewe uko huko zinakotoka. Tuangalizie, mwanangu."

Huku Philadelphia ninakoishi, kuangalia ni rahisi. Maktaba kuu ya umma, Free Library, ina kitengo kinachowahudumia wanaotafuta ruzuku. Ukiingia unapewa kompyuta na unatafuta bila kulipa chochote katika hifadhidata ya Candid, ambayo ukitaka kuilipia mwenyewe nyumbani utaona bei yake ni kali. Unachagua nchi, unachagua shughuli, na majina ya wakfu yanajipanga mbele yako: nani alitoa, mwaka gani, dola ngapi, kwa kazi gani, akampa nani. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Ahadi za mfadhili kwenye tovuti yake huwa tamu kila mahali. Orodha ya waliokwisha kupewa ndiyo inayokuonyesha anapenda nini hasa.

Ukarimu wa matajiri haukuleta uwazi huu, wala kompyuta haikuuleta. Miaka ya 1950 kamati za Bunge la Marekani ziliwaita wakuu wa wakfu kubwa na kuwahoji pesa zao zinakwenda wapi. Mwaka 1956 kikaanzishwa New York kituo cha kukusanya habari za wakfu na kumfungulia kila mtu, na kituo hicho ndicho kilichoungana na shirika la GuideStar mwaka 2019 kikawa Candid. Katikati ya safari hiyo ilikuja sheria ya kodi ya 1969, iliyozibana wakfu za binafsi kwelikweli. Leo kila wakfu wa aina hiyo hujaza kila mwaka fomu 990-PF, ikitaja kila aliyepewa na kiasi alichopewa, na fomu hiyo ni haki ya umma kuisoma. Anayetaka kuisoma bila kwenda maktaba ataipata bure kwenye ukurasa wa ProPublica. Uingereza wamepita njia nyingine: wafadhili wengi huchapisha ruzuku zao kwa hiari chini ya mpango wa 360Giving, na mtu yeyote huzitafuta bure kupitia tovuti ya GrantNav.

Sasa nirudi kwa akina mama wa Kabazi, maana hapa ndipo wengi wetu wa ughaibuni tunawapa watu wetu matumaini yasiyo na msingi. Katika fomu ile ya 990-PF kuna kisanduku ambacho wakfu hukitia alama ikiwa huwapa tu wale uliowachagua wenyewe na haupokei maombi. Wakfu nyingi, hata zenye fedha nyingi, zimekitia alama. Kisha kuna sheria ya kodi. Wakfu wa Marekani ukitaka kulipa kikundi cha nje lazima ama uthibitishe kwamba kikundi hicho ni sawa na shirika la hisani la Marekani, ama ufuatilie matumizi ya kila dola kwa ripoti za maandishi. Ni kazi na ni gharama, kwa hiyo wengi hupitisha pesa kwa mashirika ya katikati. Kikundi kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 ni halali kabisa Kenya, lakini kwa mhasibu aliyeko Chicago bado ni jina asilolijua.

Ndiyo maana siku hizi sianzi na jina la mfadhili. Naanza na mpokeaji: ni shirika gani la Kenya ambalo tayari hupokea kutoka nje na kuvigawia vikundi vidogo? Kenya Community Development Foundation inafanya kazi ya namna hiyo tangu 1997. Mpango wa ruzuku ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, nao huvipa vikundi vya wenyeji vyenye kazi ya mazingira, na hutaka kuona jamii imechangia nini, iwe pesa au jasho. Mtambo wa maziwa unaotumia umeme wa jua una la kusema mbele ya mlango kama huo. Lakini mlango huo uko Nairobi, na mwenyekiti angeweza kuubisha bila mimi.

Kwa nini basi habari ipitie Philadelphia? Kwa sababu Subukia habari ya pesa hutembea kwa miguu ya watu. Hutangazwa kanisani au kwenye baraza la chifu, hutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, na mara nyingi hufika siku mbili kabla ya mwisho wa kutuma maombi. Fedha zenyewe zipo. Kuna hazina ya serikali ya NGAAF, na kuna hazina ya Uwezo, ambayo wengi huiita msaada ingawa ni mkopo usio na riba na lazima urudishwe. Kisichokuwepo mbele ya macho ya mwananchi ni orodha: mwaka jana, katika wodi za Subukia, Waseges na Kabazi, kikundi gani kilipewa, kiasi gani, kwa kazi gani. Orodha isipoonekana, anayejua huwa mkubwa wa wasiojua. Hapo ndipo huzaliwa dalali wa wafadhili, anayetoza "ada ya kuunganishwa" na kupotea na pesa za wajane. Inaniuma sana, kwa sababu mfadhili wa kweli hatozi mtu ada ya kuomba, na ningependa jambo hili litangazwe kwenye kila baraza.

Nyumbani pia kuna ujuzi ambao Candid haina. Afisa wa maendeleo ya jamii aliyezunguka Kabazi anajua kikundi gani hukutana kweli kila wiki na mweka hazina gani daftari lake husomeka. Huku Marekani wakfu humlipa mkaguzi apate sehemu tu ya ujuzi huo. Ningeulizwa, ningesema ujuzi wa afisa yule na orodha ya malipo vibandikwe ukuta mmoja, nje ya ofisi ya wodi.

Sheria ya kudai orodha hiyo tunayo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu wake. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kulipeleka hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, hesabu kwamba imekataa, na rufaa huenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (Commission on Administrative Justice). Nimemtumia mwenyekiti rasimu ya barua hiyo, ikiuliza malipo yote kwa vikundi vya wodi yake, na nimemwomba aitie sahihi pamoja na wanachama wenzake kabla hatujaandika neno lolote kwa mfadhili.