Nyati Chini ya Gauni

Barabara ya kutoka Ngara mjini kwenda Rulenge ni ya kupanda na kushuka. Gari linamaliza kilima, linateremka hadi bondeni kwenye mafunjo, kisha linaanza kilima kingine. Udongo ni mwekundu. Baada ya mvua hunata kwenye soli za viatu hadi mtu anakuwa mrefu kidogo kuliko alivyozaliwa. Migomba imetanda pande zote, na mashamba ya kahawa na maharage yanapakana nayo. Juu kabisa kilimani, pasipolimika, imesimama mikaratusi.

Sokoni harufu ya dagaa wakavu hutangulia, ikifuatwa na moshi wa kuni. Maharage yamemwagwa juu ya magunia, kila rangi na fungu lake: ya manjano, meusi, mekundu, yenye madoadoa. Watu wanasalimiana kwa Kihangaza na Kishubi, lugha ndugu za Kirundi cha ng'ambo ya mpaka. Bei inatajwa kwa Kiswahili. Vitambaa navyo vimetoka kila upande. Kuna vitenge vilivyopita mipakani, khanga zilizosafiri kutoka Dar es Salaam, na mitumba iliyovaliwa na watu wasiojua kwamba kuna mahali panaitwa Rulenge.

Mafundi cherehani wamejipanga barazani mbele ya maduka. Miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, na chini ya kila meza vipande vinazidi kurundikana. Watoto wawili, msichana na mdogo wake wa kiume, walikuwa wamepiga magoti wakichagua vipande hivyo. Hawakuchukua ovyo. Chenye maua walikitupa, cheupe wakakiacha, na cheusi kilichotosha kushona mfuko wa shati wakakigombania.

"Cheusi cha nini?" niliuliza.

"Cha nyati," alijibu msichana. "Bibi anashona nyati."

Niliwafuata. Bibi anakaa ndani ya migomba, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa kwa bati. Ua ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Nilimwamkia shikamoo; akaitikia marahaba bila kuinua sindano kutoka kwenye mshono. Nilipomweleza kilichonileta, aliwaangalia wajukuu, akaangalia vipande mikononi mwao, kisha akamtuma mmoja ndani akalete mfuko.

Mfuko wenyewe ulishonwa kwa turubai la buluu lililopauka. Wilaya hii ya Ngara inayajua maturubai hayo. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na vilima vya Benaco vikageuka mji wa mahema. Kambi ya Lukole nayo ikawahifadhi Warundi kwa miaka mingi. Kambi zilikwisha, plastiki ikabaki vijijini. Inaanikiwa maharage, inaezekewa vibanda vya mbuzi. Hapa imekuwa nyumba ya wanasesere.

Wa kwanza kutoka alikuwa Sungura. Ana urefu wa shubiri mbili, amevaa kaptura ya kitenge, masikio yamejazwa majani makavu ya mgomba yanayochakarisha ukiyaminya. Akafuata Fisi, shubiri moja tu, wa koti la mtumba la kahawia. Kinywa chake ni zipu ya suruali: ukiivuta, meno ya chuma yanaachana hadi nyuma ya shingo.

"Bibi, mbona Fisi ni mdogo kuliko Sungura?"

"Kwenye hadithi anashinda nani?"

"Sungura."

"Basi," alisema, akakata uzi kwa meno.

Kuanzia hapo nilianza kuwaangalia kwa kipimo chake. Vimo vyao havikutoka porini; vilitoka kwenye masimulizi ya jioni. Mbuzi anayeliwa mwanzoni mwa ngano alikuwa mdogo kuliko dole gumba, macho hana. Zimwi ndiye aliyekuwa mkubwa kupita wote: mwili wa gunia, nywele za katani zilizofumuliwa. Mkono wake mmoja una kidole kidogo kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Msichana alikivuta. Uzi ukafunguka, tumbo likaachia, wakamwagika watu saba mkekani, kila mmoja wa kitambaa chake.

Hadithi hiyo inajulikana katika nchi nyingi za Kibantu. Zimwi hula kijiji kizima, kisha shujaa humkata kidole na waliomezwa hutoka wazima. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Sikuwahi kuishika mkononi.

Pwani, kwa Wazaramo, kuna mwana hiti, mwanasesere wa mti asiye na mikono wala miguu, ambaye mwali aliyewekwa ndani humtunza na kumpaka mafuta akijifunza kulea. Yule ni wa kutunzwa. Hawa wa Rulenge ni wa kuvutwa, kurushwa na kugombaniwa hadi wapasuke. Akichakaa mmoja, bibi humfumua: kitambaa kinangoja mwili mwingine, na majani ya mgomba yanarudi shambani.

Wawili waliobaki mfukoni aliwatoa mwenyewe. Mmoja ni mwindaji mwenye mkuki wa njiti. Burundi humwita Kiranga, Rwanda Ryangombe. Unyamwezini na Usumbwani, kwenye ngoma za Uswezi, ni Lyangombe. Mama yake aliota ndoto mbaya akamzuia asiende kuwinda. Hakusikia. Porini alikutana na binti, na binti akageuka nyati, akamrusha kwa pembe. Mti ukampokea: ule wenye magome manene na maua mekundu yanayochanua kabla ya majani, ambao Warundi huuita umurinzi. Zamani hii haikuwa ngano ya watoto peke yake. Watu walimtolea Kiranga sadaka, na kwa jina lake walitibiwa na kuapa.

Mwanasesere wa pili ni binti mwenyewe. Ana gauni refu la khanga, marinda manne, na shanga moja shingoni. Bibi alimshika kiunoni akampindua. Gauni likafunika kichwa cha binti, na upande wa pili akatokea nyati: mweusi, pembe za waya zilizozungushiwa uzi, macho mawili mekundu yenye doa jeusi. Niliyagusa. Ni mbegu za umurinzi, ngumu kabisa, zilizotobolewa kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto. Mti uliompokea mwindaji ndio uliompa nyati macho. Sikio moja la nyati lilikuwa limetoka, na ndilo lililokuwa likitafutiwa kile kipande cheusi.

Niliomba aniuzie.

"Huyu abaki," alisema. "Akiondoka, mwindaji nani atamrusha mtini?" Alifikiri kidogo, huku akijaribisha kipande cheusi penye sikio. "Mchukue Zimwi, mwanangu. Mwingine tutamshona hata kesho. Mazimwi hawajawahi kutuishia."

Tukakubaliana bei. Watu saba walikuwa wamekwisha kurudishwa tumboni. Msichana aliposikia ninaondoka na Zimwi, alimnyang'anya mdogo wake, akavuta kile kidole, tumbo likaachia tena. Akawatoa mmoja mmoja, akawahesabu, akawapanga mkekani kando ya mfuko wa turubai.

"Hawa ni wa hapa," akasema, ndipo akanikabidhi Zimwi mtupu.