Mlango uliodumu siku tisa

Niliagiza mlango wa chuma katika atelie moja hapa Beni. Siku ya tisa bawaba ya juu iling'oka usiku. Mimi nilikuwa redioni, bibi yangu na watoto wako ndani. Kwetu hapa, usiku bila mlango si jambo la kucheka.

Asubuhi niliupeleka kwa kijana mmoja aliyekimbia vita kijijini kwao, anayefanya kazi kando ya barabara. Alinionyesha vitundu vidogo palipovunjika, kama vya mkate. "Bageti zilikuwa na unyevu, kaka. Na kutu haikusuguliwa."

Yeye alikausha bageti zake juu ya makaa, akapiga chuma brosi mpaka kikang'aa, akabana waya wa masi vizuri. Kabla ya kupitisha moto mara ya pili, alibomoa ganda kwa nyundo. Nilidhani anachelewa, kumbe saa sita alikuwa amemaliza, na mlango haujarudi kwake tena.

Kazi ya kurudia inakula bageti, mafuta ya jenereta na jina la fundi. Vijana mnaojifunza kuchomelea, vaeni maski, msikimbize kazi. Nyuma ya kila mlango kuna watu wanalala.