Bakuli Moja kwa Wote

Akina mama wenzangu, huku kwetu Dunda, mjini Bagamoyo, chakula cha Jumapili hakijaisha mpaka bakuli la kitamu lipite mezani. Mara ni ndizi mbivu zilizopikwa kwa nazi na iliki, mara ni boga la nazi, na wakiwapo wageni ni kaimati zilizolowa shira. Watoto hulingojea bakuli hilo kuliko wali na samaki waliotangulia. Ndiyo maana ugonjwa wa kisukari ukiingia katika nyumba ya pwani, haumgusi mgonjwa peke yake. Hugusa meza nzima.

Kwetu uliingia kupitia kwa baba watoto. Daktari alimpa dawa, akamweleza habari za mazoezi na chakula, na nyumbani kila mtu akawa mlinzi wake. Alianza kutengewa sahani ya peke yake: mboga zake, ugali wake uliopimwa, na wakati wa kitamu, kipande cha tango. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Lakini niliona jinsi alivyoanza kuinuka mezani kabla bakuli halijafika, akaenda kukaa barazani peke yake. Siku moja mtoto wetu mdogo aliuliza, "Baba hali na sisi kwa sababu ana hasira?" Swali hilo lilinikaa moyoni. Nikajua kwamba dawa tulikuwa nayo, ila tulichokuwa tukikipoteza ni mlo wa pamoja.

Nikaanza kutafuta kitamu ambacho baba watoto angeweza kula kidogo, watoto wakashiba, na mgeni akakisifu, chote kikitoka katika bakuli moja. Nilichokipata ni matufaha yaliyopikwa polepole kwa moto mdogo.

Chungu kisicho na haraka

Mdogo wangu anayeishi Uingereza alikuja likizo na chungu cha umeme kinachopika polepole. Ndani kina bakuli zito la udongo wa kuchoma, na kwa nje kimezungukwa na nyaya za moto. Ukiweka chakula asubuhi, kinaiva taratibu bila kuungua wala kukorogwa kila mara.

Ubunifu huu una historia yake. Irving Naxon wa Marekani alipata hati ya kuulinda ubunifu wake mwaka 1940. Mama yake alikuwa amemsimulia jinsi Wayahudi wa Lithuania walivyopeleka vyungu vya maharage na nyama kwa mwoka mikate jioni kabla ya Sabato, vikaiva usiku kucha kwa joto la tanuri lililokuwa likipoa. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaanza kuuza vyungu hivyo kwa jina la Crock-Pot. Kwa hiyo chombo hiki cha kisasa kilitokana na hekima ya akina mama wa zamani, ambao hawakutaka joto la tanuri lipotee bure.

Usiogope gharama za umeme. Tazama kibandiko kilicho chini ya chungu chako. Kikisomeka wati 200, basi saa tatu za kupika zitakula kiasi cha uniti 0.6 za LUKU. Ila kama chungu kimetoka Marekani, hakikisha kwanza kinafaa kwa umeme wetu wa volti 230, maana vyombo vingi vya huko ni vya volti 120 na vitaungua ukivichomeka moja kwa moja ukutani.

Tufaha lipi?

Hapa pwani ukimtuma mtoto tofaa, anaweza kukuletea lile tunda letu la rangi ya waridi lenye umbo kama la kengele. Lina maji mengi na ni zuri kwa kutafuna hivi hivi, lakini silo ninalolisema. Namaanisha epo. Maepo mengi ya madukani hutoka Afrika Kusini, na siku hizi yapo pia ya kwetu, kutoka nyanda za juu kama Njombe na Makete, na milimani Lushoto.

Chagua ya kijani, yale yenye uchachu. Tunda chachu hubaki na umbo lake likipikwa, na uchachu wake hukutana vizuri na mdalasini. Mekundu laini hugeuka kuwa uji haraka.

Maepo yakiwa ghali, usikate tamaa. Kuanzia Novemba hivi, miembe yetu inapozaa, chukua maembe yaliyoanza tu kugeuka rangi, ambayo bado ni magumu na yana uchachu. Yamenye, yakate vipande vinene, kisha yapike kwa namna hii hii. Wageni wangu wawili waliapa kwamba wamekula maepo, kumbe ni maembe ya uani kwetu.

Namna ninavyopika

Kwa watu sita natumia maepo sita madogo. Nayaosha, natoa moyo wenye mbegu kwa kisu kidogo bila kutoboa chini, kisha nachanja ganda mduara mmoja katikati ili lisipasuke ovyo. Napaka maji ya ndimu palipokatwa yasigeuke rangi nyeusi.

Ndani ya kila tunda natia mchanganyiko huu: vijiko viwili vya mezani vya zabibu kavu zilizokatwakatwa, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini wa unga, nusu kijiko cha chai cha iliki, chembe ya kungumanga na chembe ya chumvi. Hicho ni kipimo cha maepo yote sita. Juu yake nadondosha asali, kijiko kimoja tu cha mezani kwa chungu kizima. Chini ya chungu naweka nusu kikombe cha maji na karafuu tatu.

Maji yasizidi hapo. Mvuke hautoki katika chungu hiki kama unavyotoka katika sufuria, na tunda lenyewe litatoa maji yake. Natandaza kitambaa safi chini ya mfuniko kinyonye matone, nikikunjia pembe zake juu zisiguse moto. Naweka moto wa chini kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Nikichoma kwa njiti na ikapita bila kusukumwa, yameiva. Dakika ishirini za mwisho naondoa mfuniko na kuweka moto wa juu ili mchuzi upungue.

Wakati huo nakaanga korosho chache zilizopondwa pamoja na ufuta katika kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka zinukie. Hizo hunyunyizwa juu wakati wa kula, zikaleta ule mkatokato ambao wenzetu wa ng'ambo huupata kwa unga, siagi na sukari. Badala ya kasimele, naweka pembeni mtindi usiotiwa sukari. Anayetaka nazi humwagiwa tui la pili, lile jepesi, vijiko viwili.

Kama huna chungu cha umeme

Usimwonee wivu mwenye nacho. Bibi zetu walijua kupika polepole tangu zamani, kwa sufuria nzito, makaa machache chini na makaa machache juu ya mfuniko. Maepo huiva hivyo kwa muda wa saa moja, mradi makaa yasiwe mengi na maji yasikauke.

Njia nyingine ni kapu. Chukua kapu kubwa la ukili, litandike blanketi kuukuu na mito midogo chini na pembeni. Chemsha maepo katika sufuria yenye mfuniko unaobana kwa dakika kumi, kisha bila kufunua itumbukize sufuria ndani ya kapu, uifunike kwa mito na blanketi. Iache saa mbili. Joto lililomo ndani humalizia kazi bila mkaa wala umeme, na wewe unakuwa kanisani au sokoni bila wasiwasi wa moto. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waifikie kufikia mwaka 2034. Sisi akina mama tunaweza kuanza leo kwa kapu lililokwisha kuwamo ndani ya nyumba.

Hesabu ya sukari

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, maana macho hudanganya. Kwa ndizi za nazi za watu sita, wengi wetu hutia kikombe kizima cha sukari. Hizo ni gramu 200 hivi, yaani gramu 33 kwa kila mtu, karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Bakuli moja la kitamu chetu hupita kiwango hicho kabla hujagusa chai.

Katika maepo yangu, kijiko kile cha asali kikigawanywa kwa sita ni kama gramu tatu kwa mtu. Lakini msijidanganye, wapendwa. Epo lenyewe lina sukari yake, na zabibu kavu zina yake, na aliye na kisukari huihesabu yote. Asali nayo ni sukari, hata ikisifiwa vipi. Kwa hiyo baba watoto hula nusu ya tunda, na pamoja na ganda lake, kwa sababu nyuzinyuzi husaidia sukari isiingie mwilini kwa kasi. Saa mbili baada ya kula tunapima, tunaandika katika daftari, na daftari huenda naye kliniki. Mwenye mgonjwa nyumbani asibadili chakula wala dawa bila kuzungumza na daktari wake, maana miili haifanani.

Nawaonya pia kuhusu viazi vitamu. Vikipikwa polepole huzidi kuwa vitamu, kwa sababu joto la taratibu huyapa nafasi maumbile ya kiazi kugeuza wanga kuwa sukari. Ni vizuri kwa ulimi, lakini kwa mwenye kisukari si wepesi tunaoutafuta.

Mama mkwe na jungu lake

Kikwazo kikubwa hakikuwa chungu wala bei ya maepo. Kilikuwa heshima ya nyumba. Mama mkwe ni mpishi anayejulikana mtaani, na kaimati zake huitwa kwenye harusi. Alipoona kijiko kimoja cha asali, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mgeni akitoka hapa atasema nini? Kwamba tumefilisika sukari?"

Nikamjibu, "Mama, mgeni atasema amekula pamoja na mwanao."

Hakusema neno. Jumapili hiyo baba watoto alipotaka kuinuka kama kawaida yake, bakuli likatua mbele yake kwanza. Akatutazama, akakaa. Alikula nusu yake polepole, akazungumza na watoto habari za bahari alipokuwa kijana, na hakuna aliyemwambia acha. Mama mkwe alionja, akanyamaza, akaonja tena. Kisha akasema, "Iliki yako ni ya zamani. Haina nguvu." Alipokuja tena alileta iliki yake mwenyewe, akaisaga kwenye kinu mbele yangu, na akanifundisha kuitia mwishoni ili harufu isipotee. Tangu hapo maepo ni yetu sote wawili.

Hajaacha kupika kaimati, wala sikumwomba aache. Harusi ni harusi. Lakini Jumapili kwetu bakuli ni moja, na watoto wetu wanakua wakijua kwamba kitamu kinaweza kunukia mdalasini na iliki bila kuzama katika sukari. Hilo ni muhimu, kwa kuwa aliye na mzazi mwenye kisukari huwa na hatari zaidi ya kukipata naye baadaye.

Mama mwenzangu, kama nyumbani kwako yuko anayetengewa sahani, anza na kitu kidogo. Usiondoe sukari yote kwa siku moja, maana watoto watagoma na wageni watanung'unika. Punguza robo wiki hii, robo nyingine mwezi ujao, na ongeza viungo kadiri sukari inavyopungua. Ndimi hujifunza. Yule anayetengewa mkaribishe kwenye bakuli la wote, umpakulie kiasi chake mbele ya wenzake bila kumhubiria.