Mfarishi wa Mwaka 1983

Redio ilipotangaza kwamba Waziri Mkuu Sokoine ameanza kuwasaka wahujumu uchumi, nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ilikuwa na khanga nyingi kuliko duka la ushirika la mtaa wa pili.

Zilikuwa za mjomba. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na bidhaa zikawa zinapita baharini usiku kwa mashua kutoka upande wa Vanga: sabuni, dawa ya meno, khanga. Viwanda vyetu, Urafiki na vingine, vilikosa vipuri na fedha za kigeni, na mwanamke aliyetaka doti moja ya harusi ilibidi ajuane na mtu. Mjomba ndiye alikuwa huyo mtu. Leo ningemwita mfanyabiashara mdogo. Siku zile jina lake lilikuwa mlanguzi.

Watu walitupa mali vichakani na baharini. Bibi hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alifunga mlango wa uani, akaniita: “Mume wangu, njoo unitungie uzi.”

Kwanza tuliziloweka. Khanga mpya ina wanga, ukiikunja inalia kama karatasi, na bibi hakutaka mfarishi unaolia. Tulizianika chumbani, madirisha yamefungwa, joto la kufa. Kisha akatandika kaniki kuukuu sakafuni, juu yake khanga, doti juu ya doti bila kukatwa, na juu kabisa kitambaa alichokiunga kwa viraka vya magauni yake, mashati ya marehemu babu na kaptula zangu za shule zilizonibana.

Cherehani ilikuwepo, lakini hakuigusa. Mshono wake ungezitoboa khanga ovyo, na kelele zake jirani angezisikia. Tulipiga bandi kwa mkono, hatua ndefu, uzi umelegea. Yeye alianzia kichwani, mimi miguuni. Kastabani ilikuwa moja tu, akanivalisha mimi. Kila nilipobana mshono alinifumulia. “Wewe unashona kama mtu anayetaka kitu kikae,” alinigombeza.

Nilikuwa darasa la tatu, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kushona: namna ya kushona kitu kifumuke.

Mgambo walikuja na balozi wa nyumba kumi. Walifunua mapipa, wakapapasa mchele, wakainua godoro la sufi. Juu ya mfarishi walinikuta mimi, nimelala na homa niliyokuwa nimeagizwa kuwa nayo. Mmoja wao alishika pembe ya ule mfarishi, akausifia viraka. Balozi, ambaye mkewe alikuwa na doti mbili za mzigo uleule, alikuwa akitazama dari.

Mpaka ulifunguliwa Novemba mwaka huohuo, na msako ulikuwa umeshapoa. Tuliufumua mfarishi usiku mmoja. Bandi zilitoka kwa kuvutwa tu. Mjomba alizishika khanga, akaguna: zimeshafuliwa, nani atazinunua kwa bei ya mpya? Bibi alimwachia agune. Ziliuzika zote kabla ya Ramadhani, isipokuwa doti mbili alizoziweka kando mbele ya macho yake mjomba, akisema ni ujira wa mafundi. Moja aliivaa yeye. Ya pili alinikabidhi mimi, nami nikaipeleka kwa mama, ambaye hadi leo anadai ilikuwa imechuja.