Orodha ya Vitabu kwa Mkuu wa Shule: Elimu, Utamaduni na Ustawi

1.0 Utangulizi

Mkuu wa shule hufunzwa mengi kuhusu fedha, ratiba na mitihani, lakini ni nadra kuulizwa anasoma nini na anawasomesha nini walimu walio chini yake. Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kupendekeza vitabu vichache vinavyohusu elimu, utamaduni na ustawi. Yametokana na ombi la mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anaongoza shule ya sekondari ya kutwa. Alitaka vitabu visivyozidi vitano, kwa kuwa walimu wake wana vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha hayaishi. Ninayaweka mawazo yangu mbele ya wasomaji wa jarida hili kwa sababu, kadiri nilivyoitafakari orodha hiyo, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ustawi wa mtoto shuleni hautenganiki na lugha anayoruhusiwa kuisemea shida yake.

2.0 Maneno Matatu

Inafaa tuanze na maneno yenyewe. Elimu tumeipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kujua jambo. Malezi, ambayo ni ndugu yake wa karibu, tumeyanyambua wenyewe kutokana na kitenzi -lea. Mswahili haoni ajabu kusema kwamba fulani ana elimu lakini hakulelewa. Utamaduni nao una asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusu mji na maisha ya mjini. Kwa hiyo inashangaza kidogo kwamba leo, tukilisikia neno hilo, fikira zetu hukimbilia ngoma na mavazi ya kijijini.

Ustawi unatokana na -stawi, kitenzi anachokitumia mkulima anapoyatazama mahindi yake baada ya mvua nzuri. Mmea haustawi kwa kuamriwa. Hata hivyo, matumizi ya kiserikali yamelibana neno hili: mwalimu akisikia ustawi huikumbuka ofisi ya ustawi wa jamii, mahali panaposikilizwa mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946, ilikwishaieleza afya kuwa ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Maana hiyo pana imo tayari katika kitenzi cha mkulima.

Ikumbukwe pia kwamba katika Tanzania kiongozi wa shule ya msingi huitwa mwalimu mkuu, na yule wa sekondari huitwa mkuu wa shule. Cheo cha kwanza kimelihifadhi neno mwalimu na cha pili kimeliacha. Orodha ifuatayo inamhitaji mkuu wa shule alirudie neno hilo.

3.0 Orodha

Kitabu cha kwanza ni Elimu ya Kujitegemea cha Mwalimu Nyerere, kijitabu kilichotolewa Machi 1967, mwaka ambao Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Walimu wengi wanakijua kwa jina, na wanakihusisha na jembe na shamba la shule. Wakikisoma tena wataona kwamba hoja yake inakwenda mbali zaidi. Mwandishi analalamikia elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake, hata akaamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma, na kwamba wazee wake hawana la kumfundisha. Hilo ni suala la utamaduni kabla ya kuwa suala la kilimo.

Cha pili ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Mtumishi huyu wa serikali ya kikoloni anasimulia kazi, uhamisho na kifo cha mkewe Amina, na humo zimo tenzi alizowatungia watoto wake. Ninakipendekeza kwa sababu kinamwonyesha mwanamume mzima akiitaja huzuni yake bila aibu. Walimu wetu wanahitaji mfano huo. Tunapowaambia habari za afya ya akili, masikio yao husikia wazimu, kwa kuwa akili katika mazungumzo ya kila siku ni werevu au utimamu. Lakini Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu: tuna simanzi, majonzi, upweke, fadhaa, unyonge na moyo mzito, na kila neno lina mpaka wake. Mwalimu mshauri anayeyajua ataweza kumwuliza mtoto swali linalojibika.

Cha tatu ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mama mgonjwa anamwachia bintiye wasia juu ya dini, adabu na ndoa. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama utendi huu unafundisha utiifu wa mwanamke au unamfundisha mbinu za kuishi katika jamii inayomtaka atii. Ubishi huo ndio sababu ya kuuweka katika orodha. Walimu wa kike na wa kiume hawatakubaliana, na wakishindwa kukubaliana kwa heshima wataona kwamba utamaduni ni mjadala unaoendelea kati ya watu wenye masilahi tofauti. Kwa wanafunzi wa kike, wanaoambiwa kila siku kwamba mila zinataka hivi au vile, jambo hili si dogo.

Cha nne ni Decolonising the Mind cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichochapishwa mwaka 1986. Mwandishi anasimulia jinsi mwanafunzi wa Kenya aliyekamatwa akisema Kikuyu shuleni alivyochapwa au kuvishwa shingoni kibao cha kumdhalilisha. Kulikuwa na kifungo kilichopokezanwa kutoka mtoto hadi mtoto, na jioni wa mwisho aliulizwa ni nani aliyempa, mpaka wakosaji wote wa siku hiyo wakajulikana. Hivyo watoto walifunzwa kuwindana. Msomaji wa Tanzania asijidanganye kwamba hayo ni ya nchi jirani na ya enzi iliyopita, maana vibao vinavyoagiza Kiingereza pekee bado vinasomeka katika shule zetu.

Cha tano ni Language Crisis in Tanzania cha Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, cha mwaka 1997. Kinaeleza kwa ushahidi wa darasani kinachompata kijana aliyesoma miaka yake ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

4.0 Kimya cha Darasani

Kwa miaka mingi nimekaa nyuma ya madarasa nikiwatathmini wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha. Mwalimu huuliza swali kwa Kiingereza na darasa zima huinamia madawati. Akilirudia swali lile lile kwa Kiswahili, mikono huinuka. Mwanaisimu ataandika kwamba amebadili msimbo. Mtoto anayeinamia dawati hupewa maelezo mengine: mzito, mvivu, hana akili. Akiyasikia kwa miaka minne atayaamini. Hapa ndipo elimu na ustawi vinapokutana, kwani kimya hicho humfuata hadi kwa mwalimu mshauri. Binti mwenye jambo zito la nyumbani hatalieleza katika lugha anayoogopa kuikosea, na shule inayomwadhibu kwa lugha anayoiweza imeufunga mlango wake kabla hajabisha.

Kwa ajili hiyo nimeongeza kitabu cha sita, ambacho shule yenyewe inakiandika: kitabu cha adhabu. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, zinataka adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, na zinaagiza kwamba kila adhabu iandikwe. Mkuu wa shule akisome kama anavyosoma matini nyingine yoyote. Makosa yameandikwa kwa maneno gani? Kusema Kiswahili kumetajwa mara ngapi? Ni majina gani yanajirudia, na je, yanajirudia pia katika orodha ya walioacha shule?

Wapo watakaopinga kwamba wazazi wenyewe wanadai Kiingereza. Ni kweli, na madai yao yana msingi, kwani ajira na elimu ya juu vinakitaka. Lakini kukijua Kiingereza na kufundishwa fizikia kwa Kiingereza usichokijua ni mambo mawili. Aidha, mkuu wa shule hana mamlaka ya kubadili sera. Anayo mamlaka ya kukiondoa kibao langoni, ya kuagiza kwamba ushauri nasaha utolewe kwa lugha atakayoichagua mtoto, na ya kuzuia fimbo isitumike kwa kosa la kusema.

5.0 Hitimisho

Orodha hii isigeuzwe kuwa mtihani mwingine wa walimu. Inatosha kusoma sura moja kwa mwezi, na mazungumzo yafanyike kwa Kiswahili katika chumba cha walimu, hata pale kitabu kinapokuwa cha Kiingereza. Msomaji makini atakuwa ameona kwamba vitabu viwili vinavyotetea haki ya mtoto kusema lugha yake nimelazimika kuvitaja kwa majina ya Kiingereza. Wanazuoni wa Kiswahili tumeandika kwa wingi juu ya fonolojia, mofolojia na fasihi. Juu ya maisha ya mtoto darasani tumeandika machache, na mengi ya hayo hayamfikii mwalimu. Tasnifu mbili au tatu za uzamili zitakazokusanya maneno ambayo wanafunzi wa sekondari huyatumia kueleza hofu, huzuni na matumaini yao zingemfaa mkuu wa shule kuliko orodha yoyote ninayoweza kumwandikia.