Onja kwanza, kabila utauliza baadaye

Wiki hii tuingie jikoni. Usikimbie, sikupi kisu umenye vitunguu. Nina swali moja tu: hivi ukiletewa sahani ya pilau, utamu wake unausikia kwa ulimi au kwa masikio?

Unacheka? Basi ngoja. Kuna watu wakifika mgahawani hawaulizi nyama ya leo ni ng'ombe au mbuzi. Wanauliza mpishi katokea wapi. Ukiwajibu Tanga, wanameza mate. Ukiwajibu Unguja, wanavuta kiti na kukunja mikono ya shati. Ukiwajibu kwamba mpishi ni Mnyiramba wa hapahapa, utasikia: "Aa, basi nipe ugali na mlenda."

Nayasema haya kwa sababu huyo Mnyiramba ni mimi. Nilimaliza kidato cha nne (matokeo tuyaache yapumzike), asubuhi napika kwenye mgahawa wa mama mkubwa hapa stendi ya Nduguti, na jioni nikishanawa masizi ndipo nashika kalamu kukuandikia wewe.

Kwa usiyepafahamu, Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Wilaya yetu ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Ofisi zikaja, na ofisi zikaleta watu: mwalimu Mchaga, nesi Mhaya, karani Mnyakyusa, dereva Mzigua. Kila mmoja kashuka kwenye basi na begi lake na hamu ya chakula cha kwao. Mtu akiwa mbali na nyumbani hachagui mgahawa kwa rangi ya ukuta. Anatafuta mkono unaofanana na wa mama yake. Sasa mkono haujaandikwa kitu, ndiyo maana anakata njia ya mkato: anauliza kabila. Hapo simlaumu mtu.

Ila inachekesha. Serikali yenyewe iliacha kutuuliza makabila kwenye sensa, ya mwisho kuuliza ilikuwa ile ya 1967. Kwenye meza ya pilau, makarani bado wako kazini.

Pilau yangu mimi nimeisomea Tanga. Baada ya shule nilikaa kwa shangazi miaka miwili, mitaa ya Ngamiani, na jirani yake alikuwa mama mmoja wa Kidigo ambaye kila shughuli ya mtaani lazima aitwe. Nilianza kwa kumwoshea masufuria. Mwezi wa tatu akaniachia vitunguu. Siku nilipotaka kumimina supu kabla kitunguu hakijapata rangi ya kahawia, alinipiga mwiko wa mkono mbele za watu. Alinifundisha kutwanga bizari asubuhi ileile ya kupika, kupima maji kwa macho, na kupalia makaa juu ya mfuniko hadi wali uchambuke. Hakuniuliza kabila hata siku moja. Alichouliza ni kama nimenawa mikono.

Basi bwana, mwaka jana ikaja kamati moja ya sherehe, wanamuaga mkubwa wao wa kazi. Wanataka pilau sahani 80, kila sahani 5,000. Piga hesabu mwenyewe: laki nne! Wakaonja yangu, wakalamba vidole, mmoja akaongeza bila kukaribishwa. Halafu mwenyekiti akaniuliza, "Dada, wewe mwenyeji wa wapi?" Nikasema, "Hapahapa Nduguti." Akasema, "Aa."

Hiyo "aa" ilikula laki nne zangu. Kesho yake nikasikia kazi kapewa binti mmoja mwenye jina la kipwani, eti yeye ni Mtanga asilia.

Siku mbili baadaye, saa mbili usiku, hodi mlangoni. Nani? Mtanga asilia. "Shoga, niokoe," akaniambia. "Baba ndiye wa Tanga, lakini mama Mnyaturu, nimezaliwa na kukulia Singida mjini. Tanga nimefika mara mbili, zote msibani. Pilau siijui." Nikamuuliza kwa nini basi kapokea hela za watu. Akakaa chini. Akaniambia kwamba tangu shuleni, kila sherehe anasukumiwa sufuria. Akikataa, wanasema anaringa. Akisema hajui, wanamwambia yeye si Mtanga wa kweli. Safari hii alichoka kubisha.

Tukaelewana laki moja. Nikaipokea, maana njaa nayo haina kabila. Siku ya siku nilipika nyuma ya ukumbi, yeye akapakua mbele kajifunga leso mbili. Mwenyekiti akasimama na kipaza sauti akasema hii sasa ndiyo pilau, mkono wa Tanga haujifichi. Kweli haukujificha. Ulikuwa nyuma ya ukumbi unasugua masufuria.

Sasa msomaji, ni nani aliyeumizwa pale? Mimi nilinyang'anywa jina la mkono wangu. Yeye alinyang'anywa haki ya kuwa Mtanga asiyejua kupika. Swali moja, majeraha mawili, na wageni wote 80 walishiba bila habari.

Usinielewe vibaya. Sisemi kabila si kitu. Bibi yangu anasonga ugali wa mtama huku anapiga hadithi, haangalii hata sufuria. Mpishi aliyezoea sembe ukimpa unga ule, wengi wanakutolea mabonge. Ukikua unakula kitu kila siku, ulimi wako unakijua hata kabla hujafundishwa kukipika. Hilo ni mtaji. Lakini kabila linakuambia mtu alikula nini utotoni, na lenyewe mara nyingine linadanganya, kama lilivyodanganya kwa yule binti. Anachoweza kupika leo, halikuambii.

Ushahidi ninao nyumbani. Mama yangu mdogo, mke wa baba mdogo, ni Msukuma wa Meatu, ng'ambo ya daraja la Sibiti. Alipoolewa huku alikaa na bibi jikoni misimu mingi. Leo wageni wa heshima wakija, bibi mwenyewe anasema mlenda apike yule Msukuma. Wajomba walinuna mwanzoni. Walipokula wakaacha kununa.

Na niseme ukweli, upande mwingine kabila linanilipa. Nikienda Dar es Salaam, neno "kuku wa Singida" ni tangazo tosha. Jirani wa ndugu yangu kule aliwahi kunishika mkono hadi sokoni nimchagulie kuku wa kienyeji, eti mtoto wa Singida hakosei. Nilimchagulia, nikalipwa paja. Sikumwambia kwamba mtu unaweza kuzaliwa Singida na kuku ukamjua akiwa kwenye sahani tu.

Tena ukianza kudai asili, jiandae kwa safari ndefu. Huyo kuku wa Singida, babu zake walianza kufugwa Asia ya Kusini Mashariki. Alizeti tunayotamba nayo mkoa mzima asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Mahindi ya ugali nayo yalitoka Amerika, yakaja na Wareno. Karafuu ya kwenye pilau ni ya visiwa vya Maluku, Indonesia, na Unguja ilianza kupandwa karne ya 19. Jina lenyewe la pilau limepitia Uajemi na India. Tukisema kila chakula kipikwe na mwenyewe, pwani nzima italala na njaa, na sisi huku tutabaki na mtama wetu.

Wazungu nao wanayo hii homa. Uingereza migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi iliendeshwa na watu wa Bangladesh, hasa wa Sylhet. Mteja akiona sura inafanana na anayoitarajia, anaridhika, anaagiza. Halafu kuna kisa cha Diana Kennedy, Mwingereza, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha mapishi ya Meksiko mwaka 1972. Alizunguka vijijini miaka na miaka akijifunza kwa akina mama, na kwenye maandishi yake aliwataja waliompa mapishi. Meksiko ikamvisha nishani ya Tai wa Azteki, ile ya juu kabisa kwa mgeni. Wapo wanaouliza mbona akina mama waliomfundisha hawakuvishwa chochote. Swali zuri hilo, wala silikwepi. Mgeni kujifunza si tatizo. Tatizo ni sifa na hela zikifika kwa mmoja na kumruka mwingine.

Ndiyo maana mimi nina swali jingine la kuuliza mgahawani badala ya kabila: "Nani kakufundisha?" Liulize uone. Mpishi wa kweli atakutajia mtu, mahali, na pengine mwiko aliopigwa. Wa kubabaisha ataanza kuangalia dari. Na anayetajwa anapata heshima yake hata kama yuko mbali. Yule mama wa Kidigo hajawahi kukanyaga Nduguti, lakini mkono wake uko hapa kila Ijumaa.

Mama mkubwa nilimshawishi tukaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: "Pilau ya Ijumaa. Mpishi Mnyiramba, mwalimu wake mama wa Ngamiani, Tanga." Wiki ya kwanza watu walisoma wakacheka, wakapita. Wiki ya pili dereva mmoja wa lori akaingia, akala kimya, akaomba kwenda jikoni. Nikajua yameshanikuta. Akasimama mlangoni akaniuliza kama huyo mwalimu wangu hutia viazi au hatii. Nikamjibu hatii. Akasema, "Basi ni mwalimu kweli," akafungashiwa nyingine ya safari. Kabila langu hakuliulizia.

Na yule Mtanga asilia? Siku hizi yuko nasi. Anashika vitunguu, na kwa uvumilivu alionao mwaka huu nitamwachia sufuria. Nimemwahidi tukipata tenda nyingine tutasimama mbele wote wawili, kila mtu na jina lake na fungu lake la hela.

Kwa hiyo ukipita stendi ya Nduguti siku ya Ijumaa, ingia. Sahani ni 3,000, kachumbari bure. Onja kwanza. Kabila utauliza ukishalipa.

Wiki njema!