Niliandika kwamba soko lipo

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, nisameheni. Kazi za gazeti zilinibana, na pia kuna jambo nilikuwa naona aibu kuliandika. Leo naliandika. Ni deni, ingawa si la fedha. Au tuseme si la fedha peke yake.

Miaka 2 iliyopita, nikiwa bado na harufu ya chuo kikuu, mhariri alinituma nitafute habari ya biashara yenye sura ya Arusha. Si utalii wa wanyama, akasema, hiyo imeandikwa mpaka imechakaa. Basi nikaenda soko la vinyago pale barabara ya Fire. Kwenye meza moja, katikati ya picha za Tingatinga na shuka za Kimasai, nikaona kichwa cha treni cha bati, kirefu, kimepakwa rangi ya damu ya mzee. Kilikuwa kimoja tu. Muuzaji aliniambia kimetengenezwa na mjomba wake wa Akheri.

Mzungu mmoja mwenye ndevu za mvi, Mwingereza, alikishika kama mtu aliyeokota mtoto. Akaniambia kwao wapo watu wanaojaza chumba kizima kwa reli ndogo na treni ndogo, na kwamba mtu akitengeneza vichwa vya Afrika Mashariki watu watavigombania. Mume na mke waliokuwa jirani yake wakaitikia kwamba ni kweli kabisa. Nikafunga daftari. Kesho yake nikaandika kwamba mahitaji ya vichwa vipya vya treni vya mfano ni makubwa, na mafundi wa Arusha wachangamkie fursa.

Watu watatu, ndugu zangu. Mmoja tu ndiye aliyeuliza bei, na hakununua. Hilo sikuliandika.

Miezi kama minne baadaye mlinzi wa ofisi akanipigia simu kwamba kuna mzee ananisubiri chini. Nikashuka. Mzee wa miaka sabini na kitu, koti limepigwa pasi, mkononi ana kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika hii?"

Nikasema ndiyo, tena kwa majivuno, nikidhani amekuja kunishukuru.

"Vizuri. Shikamoo yako nimeipokea. Sasa nionyeshe wanunuzi wako walipo."

Jumamosi ile nikapanda daladala la Tengeru pale Kilombero, kisha bodaboda mpaka Akheri. Wanaoijua njia ile wanajua inavyopanda kuelekea mlimani, migomba na kahawa huku na huku, na asubuhi kama hakuna mawingu Meru yenyewe imesimama mbele yako. Nyuma ya nyumba ya mzee kuna banda. Ndani ya banda kulikuwa na vichwa vya treni 37, kila kimoja kina urefu wa mkono wangu. Alikuwa ametengeneza 40. Alikuwa ameuza 3. Fedha za bati, risasi ya kulehemu na rangi alizipata kwa kuuza mtamba.

Vyote 37 vilikuwa na namba moja ubavuni, 5903, na jina moja: MOUNT MERU.

Hapo ikabidi nikae chini kwenye kigoda nifundishwe, maana hata hilo la jina sikulijua, na mimi ni mtu wa Arusha. Mwaka 1955 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilianza kupokea vichwa vya mvuke 34 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Waliviita daraja la 59. Ni aina ya Garratt: boila kubwa katikati, na mbele na nyuma mitambo miwili ya magurudumu, kila mmoja unageuka kivyake, kwa hiyo dude zima linaweza kupinda kwenye kona za mlimani. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa mita 31 na ushee. Hapakuwa na vichwa vya mvuke vikubwa zaidi ya hivyo duniani kwenye reli ya upana wa mita 1. Vikapewa majina ya milima yetu. Kipo kilichoitwa Kilimanjaro, kipo Hanang, Lengai, Monduli, Longido, Oldeani. Cha tatu, 5903, ndicho Meru.

Mzee alivijua kwa sababu alikuwa fundi kijana kwenye karakana ya reli Nairobi, kuanzia 1973 mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977 na kila mtu akarudishwa kwao. Anasema aliwahi kukisafisha kile kibao cha jina kwa mkono wake. "Nilikuwa nasafisha nyumbani," aliniambia. Miaka ile ile vilikuwa vinaondolewa kazini kimoja kimoja, na kufika 1980 vilikuwa vimekwisha. Vimebaki viwili tu, kwenye makumbusho ya reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Ya kwanza ni mlima wa Longido, ya pili ni ya Upare. Meru hayupo, alikatwa akawa chuma chakavu.

Na kuna jingine lililonichekesha kisha likaninyamazisha. Meru ile haikuwahi kufika Meru. Kazi ya vichwa hivyo ilikuwa Mombasa na Nairobi. Kila ekseli ilibeba tani 21 hivi, na njia yetu, hii iliyofika Arusha mwaka 1929, reli zake ni nyepesi, zisingeweza. Kwa hiyo watu wa Arusha hawakuwahi kukiona kichwa chenye jina la mlima wao. Mzee alitaka wakione, hata kwa bati.

Jumamosi iliyofuata nilikaa naye sokoni kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Tulipanga vichwa 6. Watalii walisimama, wakasifu, wakapiga picha. Mama mmoja Mjerumani alikibeba, akakitazama, akakirudisha: begi lake halitoshi. Mwingine alisema hivyo hivyo. Kijana mmoja wa pale pale mjini, umri wangu, akauliza, "Mzee, hili ni tenki la maji?" Si kosa lake, Garratt kweli ina tenki la maji puani. Aliyekitambua mara moja ni dereva mmoja wa magari ya watalii kutoka Voi. Akasimama kimya muda mrefu, akasema baba yake alikuwa mtu wa reli. Akauliza bei, shilingi 60,000. Akasema atarudi mwisho wa mwezi. Hatukuuza hata kimoja.

Kwenye daladala nikaanza kufanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kuandika.

Kwanza ukubwa. Wenye mchezo huu Ulaya hawanunui treni kama kinyago cha kuweka sebuleni. Wananunua kitu kinachotembea juu ya reli walizonazo tayari, kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Kipimo cha HO ni 1 kwa 87. Garratt yetu ingekuwa na sentimita 36 hivi. Kipimo cha N cha Ulaya bara ni 1 kwa 160, ingekuwa sentimita 20 tu. Cha mzee kilikuwa na sentimita 60 na hakina kipimo chochote. Kwa mtu mwenye reli zake, hata kiwe kizuri namna gani, hakina pa kukaa.

Pili, wanaotengeneza. Kalibu ndizo zinazokula fedha. Kichwa cha kwanza kinagharimu mali ya kutisha, na bei inashuka pale tu vinapotoka mamia na maelfu. Kwa hiyo wenye akili hawaanzi mpaka wahesabu wanunuzi. Kampuni moja ya Uingereza, Revolution Trains, ilianza kwa kukusanya watu waliokubali kuchangia kabla treni ya kwanza haijatengenezwa. Na bado biashara ni ngumu. Hattons wa Liverpool, duka la tangu 1946, walitangaza Januari 2024 kwamba wanafunga.

Tatu, na hili ndilo lililoniuma. Waingereza nao walikuwa na Garratt zao, za reli ya LMS, 33, kutoka kiwanda kile kile cha Manchester. Zote zilikatwa zikaisha mwaka 1958, hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Lakini kampuni ya Heljan ya Denmark imetengeneza mfano wake kiwandani. Reli ya Rhätische Bahn ya Uswisi ni ya upana wa mita 1 kama yetu ya Tanga mpaka Arusha, na kampuni ya BEMO ya Ujerumani imekuwa ikitengeneza treni zake ndogo kwa miaka mingi. Zetu zilikuwa 34, kubwa kuliko zote za mvuke kwenye reli ya upana wa mita 1, na mbili bado zimesimama. Kumbe soko haliangalii ukubwa wa kichwa. Linaangalia idadi ya watu wanaokikumbuka, na kama wana fedha mfukoni.

Nikarudi Akheri nikamweleza mzee yote, pamoja na lile la watu watatu. Nilitegemea anifukuze. Akanyamaza, akamimina chai, kisha akasema, "Kwa hiyo uliulizia sifa, hukuulizia fedha." Nikasema ndiyo. "Hata mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeshataka kuvitengeneza, wewe ukanipa sababu." Mpaka leo sijui kama alisema vile kunifariji.

Tukakubaliana hivi. Atengeneze kimoja kidogo, sentimita 20. Tukipige picha. Asitengeneze kingine mpaka mtu atoe kishika uchumba, nusu ya bei. Aliyesema "kizuri sana" tusimhesabu. Aliyesema "nitarudi" tusimhesabu. Tumhesabu aliyetuma fedha tu.

Kile kidogo kilimchukua wiki 5, na macho yake si ya kijana tena. Magurudumu hayazunguki na hakitembei kwenye reli ya mtu yeyote, hilo tuliliandika wazi kwenye maelezo. Picha ikazunguka kwenye simu za watu. Yule dereva wa Voi ndiye aliyeisambaza kuliko mtu yeyote.

Baada ya miezi mitatu tulikuwa na vishika uchumba 11. Vya watalii vilikuwa 2. Waliobaki 9 walikuwa watu wa reli, au watoto wao. Wa Voi wa kwanza, na alilipa yote. Wa Tanga. Wa Tabora. Mama mmoja wa Nairobi ambaye baba yake alikuwa mpiga moto. Na wawili wako Uingereza, wajukuu wa dereva Singasinga, mmoja akaomba tubadilishe namba na jina, kwa sababu babu yake aliendesha Mount Longonot. Mzee alifurahi kuliko alivyofurahia fedha. "Huyo anajua anachonunua," akasema.

Kumi na moja. Hilo ndilo soko, wapenzi wasomaji, kwa bidii zetu zote. Si kubwa. Mtamba bado haujarudi zizini, ingawa tumeshafika zaidi ya nusu. Vile vikubwa 37 sasa vimebaki 31. Viwili vimekwenda shule ya msingi ya jirani bure, vinne vimeuzwa kwa bei ya hasara.

Nilimwomba mhariri nafasi ya kuandika marekebisho. Akanijibu kwamba hakuna mtu aliyelalamika, na habari ya miaka 2 si habari. Labda kwa kipimo cha gazeti ana haki. Lakini mtu mmoja alilalamika, alikuja na koti lililopigwa pasi, na kile kipande cha gazeti bado kiko kwake, amekibandika bandani juu ya meza ya kazi. Nilimwuliza kwa nini hakitoi. Akasema kinamkumbusha kuhesabu.

Tangu hapo nikiletewa habari yenye maneno "mahitaji ni makubwa" nauliza swali moja: nani ameshalipa? Wenzangu ofisini wamechoka nalo. Na ninyi mkikuta jina langu juu ya habari ya namna hiyo, niulizeni hivyo hivyo.

Wiki iliyopita nilipanda tena Akheri. Mzee alikuwa anakata bati la Mount Longonot, miwani imefungwa uzi. Nikamwuliza akimaliza hivi 11 atafanya nini. Akasema atasubiri wa 12.